Hewa ukaa inapouzwa kwa tani: Mizani iko wapi, na daftari anashika nani?

Lori la mpunga linapofika Namanga, Mutukula au Rusumo, mambo hujulikana. Kuna mizani, kuna karatasi za forodha, kuna afisa wa ubora, na kuna mnunuzi upande wa pili anayeweza kuingiza mkono kwenye gunia na kuona mali ilivyo. Ubishi ukitokea, mzigo upo. Unafunguliwa, unapimwa tena, na mambo yanakwisha.

Ipo bidhaa nyingine inayouzwa kwa tani kama mpunga, na wakati mwingine kwa bei inayoupita mpunga, lakini haina gunia. Haipiti forodhani. Mnunuzi wake, ambaye mara nyingi ni kampuni kubwa ya Marekani au Ulaya, hataiona maisha yake yote. Anachopokea ni hati inayosema kwamba tani moja ya hewa ukaa imetolewa angani na kufungiwa mahali ambapo haitatoka kwa mamia au maelfu ya miaka.

Biashara hiyo huitwa uondoaji wa kudumu wa hewa ukaa, na imekwisha kufika katika ukanda huu. Kenya inajengewa mitambo ya kunasa hewa kando ya Bonde la Ufa. Baadhi ya wakulima wa Tanzania wanapelekewa unga wa mawe mashambani. Pumba za mpunga na maganda ya kahawa, yaliyokuwa yakirundikwa nyuma ya vinu hadi yaoze au yachomwe moto, sasa yana watu wanaoyatafuta.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, kuichelewa fursa hii si hasara kubwa, kwani soko bado ni changa. Hasara kubwa ni kutia saini mkataba wa miaka kumi wa kitu ambacho hajui kinapimwaje, kinamilikiwa na nani, na kitalipwa lini.

Kwa nini hewa iuzwe

Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu kama 280 zilikuwa kaboni dioksidi, yaani hewa ukaa. Leo zimepita 420. Ongezeko hilo limetokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kukata misitu. Kila mwaka dunia hutoa takriban tani bilioni 37 kutokana na nishati hizo na viwanda kama vya saruji.

Mfano ulio rahisi ni pipa lililowekwa chini ya bomba lililo wazi. Kupunguza uchafuzi ni kufunga bomba. Kuondoa hewa ukaa ni kuchota maji ambayo yamekwisha kuingia ndani ya pipa. Bomba likiachwa wazi, kuchota kwa kikombe hakuna maana. Lakini hata bomba likifungwa vizuri, yapo matone ambayo ni vigumu kuyazuia: ndege za masafa marefu, saruji, mbolea na mifugo. Ndiyo sababu jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilieleza katika ripoti yake ya 2022 kwamba uondoaji hauepukiki iwapo dunia inataka hesabu yake ya hewa ukaa ifike sifuri.

Kiasi kinachoondolewa bado ni kidogo. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba shughuli za binadamu huondoa tani bilioni 2.2 kwa mwaka, na karibu zote ni kazi ya miti na misitu. Njia mpya, ambamo ndimo zimo nyingi za zile za kudumu, zilikuwa na tani milioni 1.3 tu. Hiyo haifiki hata sehemu moja katika elfu.

Kuzuia, kupangisha na kununua kabisa

Mtu anaposikia kwamba jirani yake amelipwa "fedha za kaboni", kwanza aulize ni kaboni ipi. Chini ya jina hilo moja zinauzwa bidhaa tatu tofauti.

Ya kwanza ni kuzuia. Majiko banifu yanayotumia kuni chache, au msitu unaolindwa usikatwe, huzaa hati kwa sababu kuna hewa ukaa ambayo ingetoka na haikutoka. Hapa hakuna kilichotolewa angani. Hesabu inategemea kukisia nini kingetokea kama mradi usingekuwepo, na makisio hayo ndiyo yaliyozua ubishi mwingi katika soko hili.

Ya pili ni kuondoa kwa muda. Mti unapokua huvuta hewa ukaa na kuigeuza kuwa mbao, mizizi na majani. Huko ni kuondoa kweli, lakini mti hufa, huungua, hukatwa kwa ajili ya mkaa, na hewa hurudi ilikotoka. Hifadhi yake huhesabiwa kwa miongo.

Ya tatu ni kuondoa kwa kudumu. Hewa hugeuzwa kuwa jiwe, au mkaa usiooza kwa urahisi, au chumvi inayoishia baharini. Hifadhi yake huhesabiwa kwa karne, na kwa baadhi ya njia kwa maelfu ya miaka.

Tofauti kati ya ya pili na ya tatu ni kama ile ya kupangisha kibanda sokoni na kununua kiwanja. Vyote vina faida, lakini havina bei moja na havina hati moja. Hewa ukaa inayotokana na mafuta ya lori huathiri anga kwa karne nyingi. Kampuni inayotaka kulifuta deni hilo kwa kupanda mti wa miaka 30 imelipa kodi ya kibanda huku ikidai imenunua kiwanja.

Hiyo haina maana kwamba miti haifai. Miti inaleta mvua, kivuli, kuni na udongo mzuri. Ila mnunuzi anayelipa bei ya kudumu hakubali kupewa bidhaa ya muda, na muuzaji anayechanganya hizo mbili atarudishiwa mzigo wake.

Njia tatu zinazogusa ukanda huu

Njia ya kwanza ni mkaa wa shambani, ambao wataalamu huuita bayocha. Pumba, maganda ya kahawa, magunzi ya mahindi au vifuu vya nazi hupashwa joto kali, kwa kawaida zaidi ya nyuzi 350, ndani ya tanuri lenye hewa kidogo sana. Mabaki ya mimea yakiachwa yaoze, kaboni yake hurudi angani baada ya miaka michache. Yakigeuzwa mkaa wa namna hii, sehemu kubwa ya kaboni hukaa udongoni kwa mamia ya miaka. Katika udongo wenye tindikali mkaa huo unaweza pia kusaidia kushika maji na virutubisho.

Sharti lake kuu ni moja: usichomwe. Mkaa huu ukiuzwa wa kupikia, kaboni yote hurudi angani siku hiyohiyo na hati haina thamani tena. Kwa sababu hiyo wakaguzi hudai ushahidi wa mahali kila mzigo ulipokwenda, shambani au katika matofali, na si picha ya tanuri peke yake.

Kampuni ya NetZero, iliyoanza Cameroon kwa kutumia maganda ya kahawa kabla ya kupanua kazi nchini Brazil, ni mfano wa biashara hii. Aprili 2025 ilipata dola milioni 15 katika shindano la kimataifa la XPRIZE la kuondoa hewa ukaa.

Njia ya pili ni unga wa mawe. Mvua inaponyesha huchukua hewa ukaa kidogo angani na kuwa na tindikali hafifu. Tindikali hiyo inapokutana na jiwe kama basalti, hewa hugeuka kuwa aina ya chumvi inayoyeyuka, ikasafiri na maji hadi mtoni na baharini. Mambo hayo hutokea yenyewe kwa maelfu ya miaka. Jiwe likisagwa na kumwagwa shambani, kasi huongezeka kwa sababu maji hukutana na jiwe mahali pengi zaidi. Mshindi wa kwanza wa XPRIZE mwaka huohuo, aliyepata dola milioni 50, ni Mati Carbon, inayofanya kazi na wakulima wadogo wa India na kuifikisha njia hiyo Tanzania na Zambia.

Ugumu wake ni kipimo. Mkaa unaweza kuwekwa kwenye mizani, lakini chumvi iliyoyeyuka kwenye maji ya shamba inahitaji sampuli nyingi za udongo, maabara, na subira ya misimu kadhaa.

Njia ya tatu ni mashine. Feni kubwa huvuta hewa ya kawaida na kuipitisha kwenye kemikali inayonasa kaboni dioksidi. Kemikali hiyo ikipashwa joto huiachia hewa ukaa ikiwa safi, nayo hupelekwa chini ya ardhi. Kwa kuwa hewa ukaa ni sehemu kama moja tu katika 2,400 za hewa yote, kazi hii inakula nishati nyingi, na ndiyo sababu ina bei kubwa.

Iceland ndiyo iliyoonyesha njia. Katika eneo la jotoardhi la Hellisheiði, mradi wa Carbfix ulichanganya hewa ukaa na maji na kuisukuma kwenye miamba ya basalti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 ilikuwa imegeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili, jambo ambalo wengi walidhani lingechukua karne. Kampuni ya Climeworks ilifungua hapo mtambo wa Orca mwaka 2021, wenye uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka, na mwaka 2024 ikaanzisha Mammoth, uliokusudiwa kufikia tani 36,000.

Bonde la Ufa lina vitu viwili vilivyoifaa Iceland: joto la ardhini na miamba ya volkano. Kenya huzalisha zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake kwa jotoardhi, na mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981. Ndiyo maana kampuni ya Octavia Carbon ya Nairobi imechagua eneo la Gilgil kwa mradi wake wa kunasa hewa na kuizika kwenye basalti kwa kushirikiana na kampuni ya Cella, lengo la mwanzo likiwa tani 1,000 kwa mwaka. Upande wa Ghuba, kampuni ya 44.01 ya Oman inafanya kazi kama hiyo kwenye miamba ya peridotiti. Jina lake ni uzito wa molekuli ya kaboni dioksidi.

Swali ambalo wananchi wa Kenya wana haki ya kuuliza ni kama joto na umeme huo ungefaa kwanza viwanda na nyumba zisizo na umeme. Mtambo unaotumia joto lililobaki baada ya kufua umeme una jibu zuri zaidi kuliko ule unaochota umeme kwenye gridi.

Hesabu ya gunia moja la mpunga

Kwa wafanyabiashara wengi wa mpakani, njia inayoweza kuwafikia mapema ni ya mkaa wa shambani, kwa kuwa malighafi wanayo. Hesabu yake inafaa kufanywa kabla ya kuota ndoto.

Gunia la kilo 100 la mpunga likikobolewa hutoa pumba kama kilo 20. Kilo hizo 20 zikipita kwenye tanuri hubaki mkaa wa kilo sita hadi saba. Mkaa wa pumba una majivu mengi, hivyo karibu nusu yake tu ndiyo kaboni, tuseme kilo tatu. Kila kilo moja ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa. Kwa hiyo gunia moja linabeba kilo 11 za hewa ukaa.

Lakini si zote zinazouzwa. Wakaguzi hutoa sehemu inayoweza kuoza baadaye, nishati iliyotumika, moshi wa tanuri, na dizeli ya kusafirisha. Zikibaki kilo nane, tani moja ya hati inahitaji magunia 125 ya mpunga. Bei ya hati za mkaa huu katika soko la kimataifa imekuwa aghalabu kati ya dola 100 na 200 kwa tani. Kwa bei ya dola 150, kila gunia la mpunga limezaa dola 1.20.

Dola hiyo na senti zake si ya mwenye kinu peke yake. Kuna mwenye tanuri, kuna mkaguzi, kuna daftari la kimataifa linalotoza ada, kuna dalali, kuna mkulima anayepokea mkaa. Mwenye kinu cha magunia 50 kwa siku hatatajirika kwa pumba. Lakini kinu kikubwa, au ushirika wa vinu kumi, una kitu cha kuzungumzia mezani.

Jambo jingine wasafirishaji watalielewa mara moja. Pumba ni nyepesi lakini zinajaza lori. Lori linaloweza kubeba tani 25 za mchele likijazwa pumba hubeba tani chache tu, na dizeli inaliwa ileile. Kila kilomita huipunguza tani ya hati, kwa kuwa lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Kwa hiyo tanuri hufuata kinu, na si kinu kufuata tanuri. Anayeahidi kukusanya pumba kutoka nchi tatu kwenda kwenye kiwanda kimoja cha mbali aonyeshe kwanza hesabu ya dizeli.

Nani ananunua, na kwa bei gani

Wanunuzi wa uondoaji wa kudumu ni wachache. Microsoft, iliyoahidi mwaka 2020 kwamba kufikia 2030 itakuwa inaondoa hewa ukaa nyingi kuliko inayoitoa, imenunua zaidi ya nusu ya tani zote zilizowahi kuuzwa katika soko hili. Mwaka 2022 kampuni za Stripe, Alphabet, Shopify, Meta na McKinsey zilianzisha mfuko wa Frontier kwa ahadi ya kununua uondoaji wa dola milioni 925 kufikia 2030, kwa lengo la kuwapa wajenzi wa mitambo uhakika wa soko.

Bei zinatofautiana mno. Hati za misitu huuzwa kwa dola chache hadi makumi ya dola kwa tani. Mkaa wa shambani huwa katika mamia ya mwanzo. Unga wa mawe mara nyingi hupita hapo. Kunasa hewa kwa mashine hugharimu mamia mengi ya dola, na wakati mwingine zaidi ya dola 1,000.

Mfanyabiashara akisikia dola 1,000 asikimbilie kalamu. Bei kubwa hiyo inafuata gharama kubwa, na biashara nyingi za mashine bado zinaendeshwa kwa mitaji ya wawekezaji kuliko faida.

Kuna mtego mwingine: sehemu kubwa ya mauzo yanayotangazwa ni ahadi. Mnunuzi hukubali leo kununua tani zitakazoondolewa miaka ijayo, na kwa kawaida hulipa tani ikishathibitishwa. Tani zilizokwisha kukabidhiwa ni sehemu ndogo tu ya zilizotangazwa kuuzwa, na nyingi kati ya hizo zilizokabidhiwa ni za mkaa wa shambani. Ni kama oda ya magunia elfu moja kutoka kwa mteja mzuri: ina thamani, lakini haiwezi kulipa mshahara wa Ijumaa.

Soko lenye mnunuzi mmoja mkubwa pia lina udhaifu wake. Mnunuzi huyo akikohoa, wauzaji wote hushikwa na mafua. Hata waanzilishi hawana kinga: Mei 2025 Climeworks ilitangaza kupunguza wafanyakazi, huku mitambo yake ya Iceland ikiwa imenasa kiasi kidogo kuliko uwezo uliotajwa ilipofunguliwa. Uwezo ulioandikwa kwenye karatasi na tani zilizo chini ya ardhi ni vitu viwili.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna bidhaa ambayo msemo huu unaifaa zaidi, kwa kuwa hapa daftari ndilo mali yenyewe.

Mradi wa kweli hufuata ngazi zinazojulikana. Kwanza kuna kanuni ya upimaji iliyochapishwa na shirika la viwango. Puro.earth, iliyoanzia Finland mwaka 2019, na Isometric ni miongoni mwa yanayoshughulika na uondoaji wa kudumu, na Verra na Gold Standard ni ya zamani zaidi katika soko la kaboni kwa jumla. Pili, mkaguzi huru asiyeajiriwa na mradi hukagua tanuri, vitabu na sampuli. Tatu, kila tani iliyothibitishwa hupewa namba yake kwenye daftari la wazi. Nne, mnunuzi anapoitumia tani hiyo kudai amefuta uchafuzi wake, namba hufungwa ili isiuzwe tena.

Anayedai kuuza au kununua kaboni na hawezi kutaja namba wala daftari lake, hauzi kaboni. Anauza maneno.

Umoja wa Ulaya nao umeweka mfumo wake wa uthibitisho kwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2024, ambayo inatenganisha uondoaji wa kudumu na ule wa muda wa kilimo na misitu. Hivyo tofauti ya kibanda na kiwanja imeingia kwenye sheria.

Ngazi ya tano ni ya mataifa. Chini ya Mkataba wa Paris, kila nchi ina hesabu yake ya hewa ukaa. Tani iliyoondolewa Kenya ikihamishiwa nchi nyingine kwa ajili ya hesabu ya nchi hiyo, Kenya inapaswa kuiongeza tena kwenye hesabu yake, ili tani moja isihesabiwe mara mbili. Uhamisho wa namna hii unahitaji kibali cha serikali. Kwa lugha ya forodha, hicho ndicho kibali cha kusafirisha nje bidhaa isiyosafiri.

Sheria za kila upande wa mpaka

Mchele unaweza kutegemea taratibu za pamoja za Jumuiya, lakini kaboni inaongozwa na sheria za kila nchi.

Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023 na kutoa kanuni za masoko ya kaboni mwaka 2024. Miradi iliyo kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima iwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii. Kwa miradi inayotegemea ardhi, jamii hutengewa angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kutoa gharama za biashara. Kwa miradi isiyotegemea ardhi ni asilimia 25.

Neno la kuangalia hapo ni "ardhi ya umma au ya jamii". Mwenye kinu kwenye kiwanja chake binafsi asitegemee asilimia hizo kumlinda. Kinga yake itatoka kwenye mkataba atakaousaini mwenyewe.

Tanzania ilitoa kanuni za usimamizi wa biashara ya kaboni mwaka 2022, na miradi huratibiwa kupitia Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni, NCMC, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro. Uganda ina Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021. Rwanda ilizindua mfumo wake wa soko la kaboni mwishoni mwa 2023. Nchi za ukanda hukutana pia katika Muungano wa Afrika Mashariki wa Masoko ya Kaboni na Fedha za Tabianchi, ulioanzishwa mwaka 2019, lakini huko ni kushauriana. Kibali hutoka nchi moja moja.

Kwa anayefanya biashara pande mbili, hapo ndipo penye mwiba. Mpunga umelimwa Mbeya, umekobolewa upande wa pili wa mpaka, pumba zimechomwa huko, na mkaa umerudi kufukiwa shamba la Tanzania. Mkataba usiposema wazi mradi umesajiliwa nchi gani na nani mwenye haki ya tani, watu watatu wanaweza kuidai tani moja, na mnunuzi akigundua hivyo hatalipa hata mmoja.

Kabla ya saini

Anayeletewa mkataba wa pumba, maganda, shamba au kiwanja kwa ajili ya kaboni hana haja ya shahada ya kemia. Maswali yanayomfaa ni yale anayouliza kila siku kuhusu mzigo wowote.

Ni bidhaa gani: kuzuia, kuondoa kwa muda, au kuondoa kwa kudumu? Nani anapima, na analipwa na nani? Daftari ni lipi, na namba za miradi yao ya nyuma ni zipi? Serikali ya upande upi imetoa kibali, na kinaonekana wapi?

Kisha yaje ya fedha. Malipo ni kwa kila tani ya pumba inayotoka kinuni, au kwa kila tani ya hati itakayouzwa siku ijayo? La kwanza ni biashara ya kawaida, fedha kwa mzigo. La pili ni kuwa mbia katika hatari, na mbia anastahili sehemu kubwa zaidi pamoja na haki ya kuona vitabu. Bei ya kaboni ikipanda mara mbili, bei ya pumba inabaki palepale kwa miaka mingapi? Mradi ukifa, mkataba unakufa nao, au pumba zinabaki zimefungwa kwa mtu ambaye hazihitaji tena?

Na liko swali la jirani. Pumba hizo zinatumika sasa na nani? Katika vituo vingi vya mpunga, wapo wanaozitumia kuchoma matofali, kutandika mabanda ya kuku au kupikia. Zikichukuliwa zote, mchoma matofali atarudi kwenye kuni, na mti utakaokatwa utakula faida yote iliyoandikwa kwenye hati. Mkaguzi makini huuliza hilo, kwa hiyo muuzaji afadhali awe na jibu kabla ya kuulizwa.

Hakuna anayejua soko hili litakuwa kubwa kiasi gani. Linaweza kukua kama ahadi za 2030 zitatimizwa, na linaweza kudumaa kama kampuni chache zitabadili nia. Mwenye kinu aliyeandika kumbukumbu za pumba zake kwa kilo na tarehe, anayejua kiasi anachotoa kwa msimu na nani anazitumia, atakuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Daftari hilo anaweza kulianza kesho asubuhi, kwa kalamu na mizani aliyonayo.